Unataka kusomea kompyuta chuo kikuu? Soma hapa kwanza

Leo naomba ruhusa nitoke kidogo kwenye mada zetu za kila siku. Hatuzungumzii hedhi, wala kondomu, wala minyoo. Malaria itaingia, lakini kwa mlango wa nyuma, na mwenyewe utaona kwa nini.

Hivi karibuni nilikuwa wilayani Kondoa, katika shule moja ya sekondari. Nimemaliza kipindi cha elimu ya afya, nakunja mabango yangu, akaja msichana mmoja wa kidato cha nne. Akasimama pembeni mpaka wenzake walipoondoka.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Una swali?"

"Ndiyo dada, lakini si la afya. Eti ukisomea kompyuta chuo kikuu unafundishwa nini? Kaka yangu anasema ni kuchapa tu. Anasema kama ni hivyo niende stesheneri ya pale stendi, wiki tatu nitakuwa nimeshajua."

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana alinieleza kwamba kesho yake walitakiwa kurudisha selfomu, ile fomu ya kuchagua tahasusi za kidato cha tano na vyuo. Fizikia anaipenda, hisabati anaiweza. Lakini chaguo la kwanza alikuwa ameshaandika HKL, kwa sababu kaka ndiye anayemnunulia madaftari, na kaka ameshasema kompyuta haina kitu. Jamani, HKL si mbaya, tena mimi mwenyewe nina marafiki waliotoka mbali kwa HKL. Ubaya ni kufunga mlango ambao hata hujachungulia ndani.

Tuliongea dakika kumi, kengele ikagonga. Yale ambayo dakika kumi hazikutosha, haya hapa.

Kuna kompyuta, na kuna mfumo

Watu wengi wanachanganya mambo matatu. Kuna kuitumia kompyuta: kuchapa barua, kutengeneza kadi za harusi, kupiga hesabu za duka. Kuna kuitengeneza ikiharibika, kazi ya fundi mwenye bisibisi na subira. Zote ni kazi za heshima na zinalisha familia. La tatu ni kukaa chini na kubuni mfumo ambao haujawahi kuwepo, kisha kuwajibika siku utakapokwama. Hilo ndilo linaloitwa uhandisi wa mifumo ya kompyuta.

Mfumo ni vitu vingi vilivyounganishwa ili vifanye kazi moja. Ndani yake mna mashine, mna programu zinazoiendesha mashine, mna mtandao unaopeleka habari huku na huku, mna umeme, na mna watu. Usiwasahau watu hata kidogo, kwani ndiko wengi wanakoangukia.

Sasa ile malaria. Kwa miaka mingi zahanati za vijijini zilikuwa zikiishiwa dawa ya malaria bila wa juu kujua. Mama anatembea na mtoto mgongoni, homa inapanda, anafika anaambiwa dawa hakuna. Huku inawezekana kabisa kwamba kituo cha jirani, au bohari ya wilaya, kina maboksi ya dawa ileile. Kilichopungua hapo ni taarifa.

Mwaka 2009 ukaanza hapa kwetu mradi wa majaribio ulioitwa SMS for Life, katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Ulihusu vituo vya afya 129. Kila Alhamisi mhudumu wa kituo alipata ujumbe kwenye simu yake ya kawaida ya mkononi, ukimwuliza amebakiwa na kiasi gani cha dawa mseto na kwinini ya sindano. Akajibu kwa ujumbe, bila kulipia. Aliyejibu kwa wakati alipewa muda wa maongezi kama asante. Majibu yaliingia kwenye kompyuta moja kuu, na mganga mkuu wa wilaya akaweza kuona nani ameishiwa na nani anazo za ziada.

Wiki ya kwanza, vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 vilikuwa vimebaki 26 katika kila 100. Hakuna dawa mpya iliyovumbuliwa hapo, na hakuna daktari aliyeongezwa. Kilichoongezwa ni mfumo.

Hebu tazama maswali ambayo mbunifu wa mfumo kama huo lazima ajiulize. Kwa nini simu ya kawaida na siyo kompyuta? Kwa sababu mhudumu anayo tayari, na chaji yake inadumu hata umeme ukikatika. Kwa nini kujibu kuwe bure? Kwa sababu asiye na salio hatajibu, nawe utadhani dawa zipo. Akikosea kuandika namba, mfumo umwambie nini? Asipojibu kabisa, akumbushwe baada ya muda gani? Na dawa zikionekana ziko kituo cha jirani, nani anazifuata, kwa pikipiki ya nani? Swali la mwisho halina hata waya mmoja ndani yake, lakini usipolijibu mfumo wako ni bure.

Nimeona kwa macho yangu kinachotokea maswali hayo yasipoulizwa. Kuna zahanati moja niliyotembelea, sitaitaja, ililetewa programu ya kuandikisha wagonjwa. Nzuri, ina rangi, ina picha. Ila ilikuwa haihifadhi kitu mpaka ubonyeze mwisho wa ukurasa, na ukurasa wenyewe mrefu kama foleni ya mashine ya kusaga. Saa nne asubuhi umeme ukakatika. Mgonjwa aliyekuwa akiandikishwa akapotea na maelezo yake yote, na mtandao uliporudi yule wa kabla yake naye hakuonekana. Muuguzi, mama wa makamo, hata hakukasirika. Alivuta droo akatoa kaunta buku. "Hii haijawahi kuzimika, mwanangu," akaniambia. Siku ile nilimwelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa mhadhiri yeyote.

Kosa la sekunde chache

Pengine unajiuliza, kwani mtu akikosea kuandika programu kuna nini? Si atairekebisha? Ndiyo, mara nyingi ni hivyo. Lakini kuna kisa ambacho kila mwanafunzi wa fani hii anapaswa kukijua, na kinatoka hospitalini.

Miaka ya 1980 ilitengenezwa huko Kanada mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, jina lake Therac-25. Ilikuwa na aina mbili za tiba, moja ya mionzi hafifu na nyingine ya mionzi mikali inayopita kwanza kwenye kizuizi. Mashine za kabla yake zilikuwa na vifaa vya chuma na umeme vya kuzuia ajali: kama kizuizi hakipo mahali pake, mionzi haitoki. Kwenye Therac-25 vingi kati ya vizuizi hivyo viliondolewa, kazi ikaachiwa programu.

Mwaka 1986, katika hospitali moja huko Texas, Marekani, mwendeshaji wa mashine aliandika herufi isiyo sahihi, akagundua, akarudi haraka akairekebisha. Kwenye kioo ikaonekana imerekebishwa. Ndani ya mashine, sehemu moja ya programu ilikuwa bado inaendelea na maagizo ya kwanza, haikusikia ya pili. Kama angechelewa sekunde nane hivi kusingetokea kitu, lakini yeye alikuwa mzoefu na vidole vyake vyepesi. Mgonjwa akaunguzwa na mionzi mingi kupita kiasi. Kioo kikaandika tu neno la hitilafu na namba 54, basi, bila kueleza ni hatari au si hatari. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa sita walipatwa na ajali kama hizo Marekani na Kanada, na baadhi yao walikufa.

Hapo nani mkosaji? Mwendeshaji alirekebisha kosa lake kama binadamu yeyote. Programu ilikuwa na kasoro, kweli, lakini mashine za zamani nazo zilikuwa na kasoro ya aina hiyo, ila vizuizi vya chuma viliwaokoa wagonjwa na hakuna aliyejua. Kosa lilikuwa kwenye kuunganisha: vizuizi viliondolewa bila kujua kasoro iliyomo ndani ya programu. Mhandisi wa mifumo anasomeshwa ili awe mtu anayejua pande zote mbili, waya na programu. Ndiyo maana anasoma miaka minne na siyo wiki tatu. Mpelekee kaka hilo.

Na sisi wenyewe tulishawahi kujifunza kwa gharama. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Hesabu za serikali zilizokuwa zimehamishiwa kwenye mashine zilivurugika, na wataalamu wa kuzielewa mashine zenyewe walikuwa wa kuhesabu vidoleni. Marufuku iliondolewa baadaye, na leo simu iliyoko mfukoni mwa mwalimu wako ina nguvu kuliko mashine ile ya Wizara. Je, wanaozielewa wameongezeka kwa kasi hiyohiyo? Tazama darasani kwenu uone wangapi wanakimbia fizikia.

Unasoma nini hasa?

Mimi nilisoma mambo ya afya, lakini chumba tulichopanga mtaani miaka mitatu nililala na mwanafunzi wa uhandisi wa kompyuta, kwa hiyo haya nimeyaona kitandani kwake yakiwa yametapakaa.

Mwaka wa kwanza ni hisabati, halafu hisabati, halafu fizikia ya umeme. Wengi wanashangaa. Walidhani wataanza na kuunda programu za simu, wanakutana na kalkulasi. Hapo ndipo msamiati wa chuo unapoingia: ukifeli somo unapata "sapu", yaani mtihani wa marudio, na ukizidisha kufeli "unadisko", unarudishwa nyumbani. Wanaodisko wengi si wajinga. Ni watu waliodhani wakishafika chuo msuli umekwisha.

Pamoja na hisabati unajifunza kuandika programu na kujenga saketi. Hapa ngoja nikupe somo dogo la bure. Kompyuta ndani yake ni swichi tu, zinaitwa transista. Swichi ina hali mbili, imewaka au imezimwa. Sasa kunja ngumi ya mkono mmoja. Kila kidole kilichokunjwa ni sifuri, kilichonyooshwa ni moja. Kidole gumba kipe thamani ya 1, kinachofuata 2, kinachofuata 4, halafu 8, cha mwisho 16. Nyoosha gumba na cha kati peke yake: 1 na 4, umepata 5. Nyoosha vyote: 31. Kwa mkono mmoja umehesabu kutoka 0 hadi 31, badala ya kuishia 5 kama mtoto wa chekechea. Ongeza swichi moja tu na uwezo unakuwa mara mbili. Chipu iliyotoka mwaka 1971, Intel 4004, ilikuwa na transista kama 2,300. Za simu za leo zina mabilioni. Herufi unazosoma, picha, sauti ya Bongo Fleva, vyote ni swichi zilizowaka na kuzimwa kwa mpangilio.

Mwaka wa pili na wa tatu unajifunza jinsi swichi hizo zinavyopangwa ziwe ubongo wa mashine, jinsi programu nyingi zinavyogawana ubongo mmoja bila kugombana (kumbuka Therac-25), jinsi kompyuta zinavyoongea kwenye mtandao, na jinsi ya kutunza kumbukumbu zisipotee umeme ukikatika (kumbuka kaunta buku). Likizo unakwenda mafunzo kwa vitendo, wenyewe wanaita PT. Mwaka wa nne unabuni kitu chako mwenyewe na kukitetea mbele ya walimu.

Wasichana, hili ni lenu. Kwenye kundi lao la mradi rafiki yangu alikuwa msichana peke yake. Siku ya kwanza wenzake wakagawana kazi: huyu programu, huyu saketi, "na wewe dada utachapa ripoti, una mwandiko mzuri." Mwandiko gani kwenye kompyuta? Alichapa ripoti ya kwanza. Ya pili akakataa, akaomba pasi ya lehemu. Akaunguza kidole, akaunguza na vipande viwili vya vifaa, wakamcheka. Kufika mwaka wa nne wao ndio walikuwa wanamletea bodi zao azilehemu. Alinieleza kwamba kilichomwuma kuliko kidole ni kujua kuwa angekubali kuchapa miaka minne, angepata cheti kilekile bila ujuzi.

Na kama mtu yeyote, awe mwalimu au msimamizi wa PT, anakudai mwili ili upate alama au nafasi, hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2007 ya kuzuia rushwa. TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113.

Njia za kufika

Kwa shahada, vyuo kwa kawaida vinataka ufaulu mzuri wa Fizikia na Hisabati ya juu ya kidato cha sita. Kwa hiyo PCM na PGM ndizo njia zilizozoeleka, na sasa ipo pia tahasusi inayounganisha Fizikia, Hisabati na Kompyuta, kwenye shule chache. Angalia mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, maana vigezo hubadilika, usitegemee maneno ya kijiweni wala hata ya makala hii peke yake.

Kwa mtu wa Kondoa chuo hakiko mbali. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina ndaki nzima ya kompyuta, CIVE, na ukipanda basi asubuhi kwenye lami hii ya sasa unafika kabla ya chakula cha mchana. Dar es Salaam kuna ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Kijitonyama, na kuna DIT. Mbeya kuna MUST.

Wasiofika kidato cha tano, msikate tamaa haraka. DIT, kwa mfano, inatoa stashahada ya uhandisi wa kompyuta ambayo mhitimu wa kidato cha nne mwenye alama nzuri za sayansi anaweza kujiunga nayo moja kwa moja, na mwenye stashahada nzuri anaweza kuendelea na shahada. Vyuo hivyo vya kati viko chini ya NACTVET.

Ada ni kizuizi, tusidanganyane. Bodi ya Mikopo, HESLB, inakopesha wanaohitaji, na tangu 2022 upo ufadhili wa Samia kwa waliofaulu sana sayansi. Lakini mkopo mara nyingi unaanguka kwa makosa ya karatasi: jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la cheti cha shule, cheti cha kifo cha mzazi hakijahakikiwa. Mambo hayo yashughulikie ukiwa bado kidato cha tano, usingoje Julai.

Halafu macho na usingizi, maana bado mimi ni dada wa afya. Kila baada ya dakika 20 za kukodolea kioo, inua macho utazame kitu kilicho mbali, kama mita 6, uhesabu hadi 20. Kope zako zikumbuke kupepesa. Kioo kisiwe juu ya usawa wa macho. Na kukesha na vinywaji vya kuongeza nguvu usiku wa kuamkia mtihani ni kama kubonyeza "endelea" huku mashine inakuandikia hitilafu 54.

Yule msichana sijui hatimaye aliandika nini kwenye selfomu yake. Nilimwambia jambo moja ambalo hakulijua, nawe lishike: miaka hii ya karibuni, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, TAMISEMI imekuwa ikifungua muda wa kubadilisha machaguo kwa njia ya mtandao. Ni wiki chache tu. Anayekosa taarifa anakosa nafasi, kama zahanati isiyojua dawa ziko kwa jirani.

Zoezi la wiki hii

Kabati la matroni shuleni kwenu lina taulo za kike na panado. Kila mwezi zinakwisha kabla ya siku, na mkuu wa shule anaambiwa zikiwa zimeshakwisha. Chukua daftari. Buni mfumo utakaomjulisha mapema, kwa kutumia vitu vilivyopo shuleni tu. Chora nani anahesabu, lini, anaandika wapi, habari inapita njia gani, nani anaipokea na anafanya nini. Kisha andika pembeni: matroni akiugua je? Simu ikizimika je? Aliyehesabu akidanganya je? Msichana anayeona aibu kuandikisha jina je?

Ukimaliza mpe mwenzako karatasi hiyo atafute mahali pa kuivunja. Akipapata, rudi ukachore upya.